Boriti Mbili, Mpakaji Mmoja

Turubai lilitundikwa asubuhi, katikati ya fremu, kama pazia kati ya wagonjwa wawili wasiopatana. Upande wa kushoto alikuwa Kwangua na nyundo yake. Upande wa kulia alikuwa Bwana Mchanga na mashine. Fremu yenyewe ilikuwa ya lori kuukuu lililovuliwa kila kitu, kichwa, bodi, injini na magurudumu, ikabaki mifupa mitupu juu ya vigogo: boriti mbili ndefu za chuma zilizounganishwa na vyuma vya kati, zimejaa kutu na matabaka ya rangi zilizopakwa moja juu ya nyingine na watu waliokuwa na haraka.

Kwangua hakupewa jina hilo na mama yake. Alipewa na yadi, kwa kuwa tangu aingie hapo kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, kukwangua. Nyundo ndogo yenye ncha, tindo, brashi ya waya, msasa, na pale kutu ilipoleta ubishi, grainda ya umeme. Ungempa fremu iliyoota magamba kama gome la mti, naye angekurudishia chuma. Haraka hakuwa nayo. Alikuwa na mabega, na alikuwa na kiburi cha mtu aliyejifunza kazi kwa kuumia vidole.

Nyuma yake, siku zote, alifuata mkewe. Yadini walimwita Mama Praima kwa sababu ya ile rangi ya kwanza, nyekundu ya udongo, inayopakwa juu ya chuma kitupu kabla ya rangi ya urembo. Chuma kilichokwanguliwa hakina subira. Kikiachwa uchi mpaka unyevu wa jioni ukishukie, asubuhi utakikuta kimegeuka njano na jasho la jana limekwenda na maji. Kwa hiyo mkwanguaji na mpakaji walikwenda jozi: mmoja anavua, mwingine anavika, siku hiyo hiyo. Kwangua na mkewe walianza kuvua na kuvika hivyo kabla hawajaoana, na watani wa yadi walikuwa na mengi ya kusema juu ya jambo hilo. Hata posa, ukitaka kujua, ilifanyikia chini ya lori.

Halafu Tajiri akanunua mashine. Tajiri ndiye mwenye yadi. Wafanyakazi walimwita hivyo kwa adabu, na alipogeuka mgongo walimwita hivyo hivyo kwa sauti nyingine. Mashine ilikuja na kompresa ya upepo yenye kelele za kufufua wafu, pipa la mchanga, na mpira mrefu wenye pua ya chuma. Ukiufungulia, mchanga unatoka kwa nguvu ya kuchubua chochote kilicho mbele yake. Fremu ambayo ingemchukua Kwangua siku mbili, mashine iliivua nguo kabla ya chakula cha mchana.

Na pamoja na mashine akaja mtu wa kuishika. Bwana Mchanga alikuwa kijana mrefu, mwenye meno yaliyojipanga kama vigae vipya, na alikuwa na kicheko. Hilo ndilo lililomkera Kwangua kuliko mashine. Mashine ingeweza kuharibika. Kicheko kile hakikuonekana kuwa na dalili ya kuharibika.

"Shemeji, leo rangi umeikoroga vizuri, inanukia kama uji," angesema akipita bombani, naye Mama Praima angecheka.

Shemeji. Neno halali, neno la heshima, mtu humwita hivyo mke wa mwenzake, na kwa hiyo huwezi kumkamata nalo popote. Kwangua alilisikia likirushwa kila saa, shemeji hiki, shemeji kile, na kila mara lilimwingia sikioni kama punje ya mchanga.

Lazima isemwe kwamba Kwangua alikuwa na kumbukumbu. Alimkumbuka jirani aliyemwazima mkewe mwavuli zamani hizo, na mwavuli wenyewe ulikuwa wa rangi gani. Alimkumbuka mpiga picha wa harusi yao, aliyemwambia bibi harusi "tabasamu kidogo" mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Watu hao wote walishahama au walishasahau, lakini ndani ya kichwa cha Kwangua walikuwa bado wamepanga foleni, kila mmoja na kosa lake mkononi. Bwana Mchanga alipofika, foleni yote ilisogea nyuma kumpisha.

Asubuhi ile, kabla turubai halijatundikwa, Tajiri aliwaita wanaume wawili. Alikuwa amekalia kiti cha plastiki kwenye kivuli cha ofisi, chupa ya soda mkononi.

"Mwenye lori anaitaka fremu yake kesho asubuhi, imeshapakwa praima," alisema. "Kwangua, shika boriti ya kushoto. Mchanga, ya kulia. Vyuma vya kati mgawane. Jioni nitapita. Boriti itakayonipendeza, mwenye boriti hiyo ndiye atakayefanya kazi na Mama Praima kuanzia kesho."

"Na mwingine?" Kwangua aliuliza.

"Mwingine nitamtafutia cha kufanya. Kuna vyuma chakavu kule nyuma vinataka kupangwa."

"Tajiri, yule ni mke wangu."

"Nyumbani kwako, ndiyo. Hapa ni mpakaji wangu."

Bwana Mchanga alikuna kidevu, akatazama chini. "Mimi, tajiri, naweza kufanya kazi na mpakaji yeyote."

Maneno hayo yalikuwa ya amani, lakini Kwangua aliyasikia vingine. Sikia anavyojitia hamnazo, alijiambia. Anajua atashinda, ndiyo maana anajifanya hataki.

Ni hila kongwe hiyo, na wenye mali wanazaliwa nayo kama wengine wanavyozaliwa na vidole virefu. Unachukua watu wawili wenye njaa moja, unawatupia mfupa mmoja, kisha unavuta kiti kivulini. Hutatoa jasho wala hutapaza sauti. Watakesha wakitazamana, na hakuna atakayekutazama wewe. Kwangua, aliyekuwa mkali kwa matajiri siku nyingine zote, mtu wa kusimama juu ya pipa na kuuliza kwa nini sabuni ya kunawia imekwisha, asubuhi ile hakuuliza lolote. Wivu ulikuwa umemziba mdomo.

Hata mkewe hakumwambia. Mama Praima alikuwa stoo akikoroga rangi, hana hili wala lile. Kwangua alipita mlangoni, akasita, akaendelea. Kumwambia kungekuwa kukiri kwamba kuna swali, na swali lenyewe ni kama yeye bado ni mwenzake au la. Alitaka kulishinda swali kabla mkewe hajalisikia.

Basi akaikamata ile boriti kana kwamba imemtukana. Alianza na nyundo, akiyavunja magamba ya kutu yadondoke chini kama maganda ya karanga. Akafuata na tindo kwenye rangi ya zamani: tabaka la bluu, chini yake kijani, chini yake nyeusi nzito kama lami, na chini ya nyeusi kutu nyingine iliyofichwa na mtu aliyepaka bila kukwangua. Kwangua alimlaani mtu huyo, popote alipo. Ng'ambo ya turubai kompresa ilinguruma na mchanga ulipiga chuma kwa mlio mmoja mrefu, kama mvua ya changarawe isiyopumua.

Mlio ulipokatika ndipo alipoumia zaidi, kwa kuwa hapo sauti za watu zilisikika.

"Shemeji, nipe maji kidogo."

"Chukua. Hicho kitambaa usoni kimekuwa kama gunia. Unakohoa hivyo tangu lini?"

"Si kitu. Mchanga ukiingia unatoka wenyewe, unajua njia."

Kikaja kicheko. Halafu kikohozi. Halafu kicheko cha mkewe, kifupi. Kwangua alisimama, nyundo hewani, akihesabu ni pumzi ngapi zinapita kabla mashine haijawashwa tena. Kikohozi hakukisikia. Alisikia vicheko.

"Endelea kupiga, mzee," fundi welda alimwambia. Huyu alikuwa na meza yake karibu, mtu mfupi mwenye ulimi mrefu. "Ukisikiliza sana utakwangua kidole."

"Nasikiliza nini? Napumzika."

"Unapumzika na masikio yamesimama kama ya sungura."

"Wewe chomelea vyuma vyako."

"Nachomelea. Lakini turubai hilo lingekuwa na tundu, ungekuwa umeshalitia jicho."

Adhuhuri ilipopita, Bwana Mchanga alizima mashine na turubai likashushwa. Kwangua aliigeukia boriti ya kulia, na roho ikamshuka mpaka kwenye viatu.

Ilikuwa ya kijivu mwanzo hadi mwisho, safi, laini kwa jicho kama jivu lililochekechwa. Hata mashimo madogo ambamo kutu hujificha yalikuwa meupe ndani. Ilionekana kama chuma kilichotoka kiwandani jana. Boriti yake yeye ilikuwa safi pia, safi kwa haki ya Mungu, lakini ilikuwa na madoa meusi mahali pa mashimo na mikwaruzo kila upande, kama uso wa mtu aliyenyolewa na ndugu yake.

Na Mama Praima alikuwa amesimama pale kulia. Alikuwa amevaa glavu safi ya kitambaa, anapitisha kiganja juu ya ile boriti ya kijivu, polepole, kutoka kichwa hadi mkia.

"Hii imefunguka, mashimo yote wazi," alisema.

"Imefunguka, shemeji," Bwana Mchanga alisema, akijikung'uta mchanga nyusini.

Mpakaji yeyote hupima chuma kwa kiganja. Kwangua alimwona akifanya hivyo kwenye boriti zake yeye maisha yote ya ndoa yao. Lakini hakuwahi kukiona kiganja kile kikipita juu ya kazi ya mtu mwingine, na sasa alipokiona, kijiba cha roho kilimpanda. Aliona mkono wa mkewe ukimpapasa mwanamume mwingine mbele ya yadi nzima, na yadi nzima ikila maandazi kana kwamba hakuna kinachotokea.

Hakula. Alifunga kikombe cha waya kwenye grainda, kile cha kusugulia, akawasha, akairudia boriti yake. Mwanzoni alisema atafuta madoa tu. Madoa yalifutika. Akaona pameanza kung'aa, akasema kidogo tena. Kijivu? Yeye atawaonyesha fedha. Alisugua akirudia pale pale, kikombe kikipiga kelele, mpaka mwanga wa mchana ukaanza kumrukia machoni kutoka kwenye chuma. Alipomaliza, boriti ya kushoto ilikuwa kioo. Ungeweza kunyolea ndevu mbele yake.

Fundi welda aliinua kinyago chake cha kazi, akatazama, akataka kusema neno. Akauona uso wa Kwangua, akateremsha kinyago.

Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika nyuma ya paa la stoo, mazito, ya rangi ya lami, na upepo ulibeba harufu ya maji. Mama Praima alitoka na kopo la rangi mkono mmoja, brashi mkono mwingine, akitembea haraka. Alikwenda kwanza kwa mumewe, kama siku zote, na Kwangua akajinyoosha mgongo.

Mama Praima alivua glavu, akapitisha ukucha juu ya chuma. Ukucha uliteleza. Akajaribu mahali pengine, ukateleza tena. Alimtazama mumewe kwa namna ambayo mtu angemtazama mpishi mzoefu aliyeweka sukari kwenye mchuzi.

"Naanza kule," alisema. "Kule chuma kimefunguka, unyevu ukifika hakitangoja. Hapa tutazungumza."

Sababu ilikuwa humo ndani, wazi kabisa. Lakini Kwangua alikuwa ameshasikia maneno mawili ya kwanza, na baada ya hapo masikio yake yalifungwa kama duka siku ya msiba.

"Unaanza kwake," alisema.

"Naanza boriti ya kulia."

"Kwake."

"Baba watoto, mvua ile inakuja."

"Nimetoka jasho tangu asubuhi Tajiri asikutoe kwangu, na wewe unaanza kwake. Mbele za watu. Basi nenda, mpelekee tuzo yake mkononi kabisa, asihangaike kungoja jioni."

Grainda zote zilikuwa zimezimwa. Fundi welda aliacha kuchomelea. Mama Praima aliweka kopo chini.

"Tuzo gani?"

Kwangua alitazama pembeni. Mambo fulani yakishatoka mdomoni huwezi kuyarudisha hata kwa koleo.

"Nimeuliza tuzo gani." Akamgeukia mwingine. "Shemeji, kuna tuzo gani hapa?"

Bwana Mchanga alishusha kitambaa usoni. Hakucheka. "Wewe, shemeji."

"Mimi."

"Tajiri alisema boriti itakayompendeza, mwenyewe atakaa na wewe. Mwingine vyuma chakavu. Nilidhani mzee amekuambia."

"Na wewe ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

Mama Praima aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, bila haraka ingawa mawingu yalikuwa yanakimbia. Kisha aliinama, akalirudisha funiko la kopo mahali pake, akaligonga pande zote kwa mpini wa brashi mpaka likakaza. Brashi akaitumbukiza kwenye tina, maji ya kuoshea rangi, isikauke. Akaenda kukaa kwenye ubao mrefu ulioegemea ukuta wa stoo, mikono mapajani.

Mlio ule wa funiko ulifahamika. Wazee wa yadi waliukumbuka tangu siku za glavu, pale wakwanguaji walipokuwa wakifanya kazi mikono mitupu na vidole vikioza. Kwangua ndiye aliyehutubia siku ile, juu ya pipa, na ndiye anayekumbukwa. Lakini Tajiri hakutoa glavu kwa sababu ya hotuba. Alitoa kwa sababu fremu zilikuwa zimekwisha kukwanguliwa, jua linazama, na mpakaji amefunika kopo.

Tajiri alitoka ofisini. "Mama Praima, mbona umekaa? Mvua hiyo."

"Naiona."

"Sasa?"

"Mimi ni zawadi, tajiri. Zawadi haifanyi kazi. Umewahi kuona kuku wa bahati nasibu akijichinja mwenyewe?"

Mtu fulani alipiga chafya ya kuficha kicheko. Tajiri hakucheka.

"Ulikuwa utani wa kuwachangamsha vijana."

"Basi nimechangamka. Nina mawili. La kwanza, hapa hakuna atakayenigawa. Napaka mahali chuma kipo tayari, awe amekivua nani. La pili, yule mtu anakohoa mchanga. Mashine ile haikuuzwa bila kofia ya kufunika kichwa na kupumulia. Iko wapi?"

Tajiri aliitazama soda yake kana kwamba kofia imo ndani. "Tutalitazama. Wewe paka kwanza."

"Nimekaa, tajiri."

Kwangua alikuwa amesimama karibu na kioo chake, na kilichomchoma hakikuwa kile ambacho kingemchoma siku nyingine. Kofia. Anamdai kofia. Mkewe amefunga kazi kwa ajili ya mapafu ya mtu mwingine. Alijaribu kukumbuka kama aliwahi kumwona akiketi kwenye ubao ule kwa ajili yake yeye, na wivu haukumruhusu kukumbuka vidole vyake mwenyewe.

Tajiri, kama wenzake wote, alikuwa na pua ya kunusa ufa. Alimjia Kwangua, akamshika bega.

"Kwangua, ndugu yangu, umeshinda. Angalia boriti yako, inang'aa mpaka naona meno yangu. Ile nyingine imefifia kama nguo iliyofuliwa sana. Mama Praima ni wako. Mwambie apake, mambo yaishe."

Hivyo tu. Kile alichokipigania tangu asubuhi kiliwekwa mkononi mwake. Kwa kitambo kidogo moyo wake uliruka. Kisha aliyafuata macho ya Tajiri hadi kwenye boriti, akaiona kazi yake kwa mara ya kwanza tangu mchana, na akajua alichokifanya. Kila mkwanguaji anajua kwamba rangi inataka chuma chenye kucha, kilichokwaruzika, ipate pa kushika. Chuma kilichosuguliwa hadi kikang'aa ni mgongo wa samaki. Alikuwa ameshinda machoni pa mtu asiyejua chuma, kwa kazi ambayo angemfukuza nayo mwanafunzi.

Alikwenda kwenye ubao.

"Amesema nimeshinda," alimwambia mkewe, kwa sauti ya chini.

"Nimesikia. Ukiipaka boriti ile, praima itabanduka lori likipita tuta la kwanza. Unajua hilo."

"Najua."

"Ulilijua ulipokuwa unasugua?"

"Nilikuwa naona upande wake tu."

Mama Praima alikung'uta vumbi gotini. "Ungeniambia asubuhi."

"Ile kofia," Kwangua alisema, kwa kuwa ilikuwa bado imemkwama. "Ningekuwa mimi kwenye mchanga, ungeidai?"

"Ungekuwa wewe nisingepata nafasi. Ungekuwa umeshapiga kelele mpaka barabarani." Alimtazama. "Tangu aje huyu hujapiga kelele hata moja. Mtu anakohoa hatua chache kutoka kwako, wewe unasikia kicheko."

Nyuma ya Kwangua, Bwana Mchanga alikuwa amefunga koki ya kompresa. Alikuja mpaka kwenye ubao, akanawa macho kwa maji ya chupa, akaketi. Aliketi kwa adabu, upande wa pili wa Mama Praima, akiacha kati yao nafasi ya mtu mmoja mwembamba.

"Na mimi nimekaa, tajiri," alisema.

Kwangua alitazama. Mkewe na yule mtu, ubao mmoja, ukuta mmoja, wanagoma pamoja. Yadi nzima ikiwaona. Kesho hadithi itasimuliwa kwamba Mama Praima na Bwana Mchanga walimkalia Tajiri, na yeye atatajwa kama mzee aliyesimama kando na boriti yake ya kujitazamia.

"Sogea," alisema.

"Nafasi ipo, kaka, huku mwishoni."

"Nimesema sogea."

Bwana Mchanga alisogea, na Kwangua akajipenyeza katikati yao, mabega yake mapana yakiwasukuma wote wawili. Akakunja mikono kifuani.

"Tumekaa," alimwambia Tajiri.

Wako wanaosimulia kwamba Kwangua alikaa pale kwa ajili ya haki za wafanyakazi, na yeye mwenyewe hawakanushi. Waache wasimulie. Mgomo haumwulizi mtu amekuja na nia gani. Unatazama kama ameketi. Fundi welda alipomwona Kwangua kwenye ubao, alivua kinyago, akaja kuegemea ukuta. Wengine wakafuata, mmoja na andazi lake.

Tajiri alisimama peke yake kati yao na fremu. Tone la kwanza lilikuwa bado halijaanguka, lakini hewa ilikuwa imelowa. Kwenye boriti ya kulia, ile ya kijivu, rangi hafifu kama ya chai iliyomwagika ilikuwa imeanza kujitokeza pembeni. Wote waliiona. Hakuna aliyeinuka kuifuta. Tajiri aliitazama, akatazama mawingu, akatazama kopo lililofunikwa, na pengine akamwona mwenye lori akiingia getini kesho.

Akamwita mlinzi. "Nenda ofisini, nyuma ya kabati."

Kofia ilikuwa bado ndani ya nailoni yake. Ilikuwa imekaa pale tangu siku mashine iliponunuliwa, nzima, na kioo chake na mpira wake wa hewa, kwa sababu Tajiri alihofia ingechakaa.

Hakuna aliyeshangilia. Mama Praima aliinuka, akalibandua funiko la kopo. "Na la kwanza?"

"Paka utakapo," Tajiri alisema, akarudi kivulini.

"Nyie wote mmesikia." Akawageukia wanaume wake wawili kama mtu anayepanga vyombo. "Tundikeni turubai. Mimi napaka kulia kabla haijaharibika zaidi. Wewe baba watoto, boriti yako kuikwaruza kwa msasa utafika kesho kutwa. Shemeji aipitishie mchanga, mkono mwepesi, aitoe huo mng'aro tu."

Mchanga wa yule mtu kupita juu ya kazi yake, kuifuta, na amri itoke kwa mkewe. Ilimuuma Kwangua kama jino. Lakini alilivuta turubai upande wake, likatundikwa.

Kofia ile ilikuwa na mikanda inayofungwa nyuma, mahali ambapo mtu hawezi kujifikia mwenyewe. Bwana Mchanga aliishika, akatazama huku na huku, na Mama Praima akatua brashi, akapiga hatua.

"Niachie mimi," Kwangua alisema, akawahi.

"Ahsante, kaka," Bwana Mchanga alisema, akatabasamu, meno yote nje, na Kwangua akamteremshia kofia juu ya tabasamu hilo. Kioo kilikuwa cheusi. Hukuweza kuona meno wala macho, na ukikaa mbali kidogo hukuweza kujua kama aliyemo ni kijana au babu. Kwangua alimtazama hivyo kwa muda, na kwa mara ya kwanza siku ile alijisikia nafuu kifuani. Akazunguka nyuma, akavuta mkanda.

"Inabana, kaka," sauti ilitoka ndani kama ya mtu aliye mtungini.

"Ndivyo ilivyoundwa," Kwangua alisema, akavuta tundu moja zaidi.

Halafu akavuka upande wa pili wa turubai, kumshikia mkewe kopo.